Bunduki Nyepesi Iliyoletwa Ijuganyondo

Vijana wangu, ninyi mlioingia kazini juzi na mnaonitumia ujumbe kila wiki mkisema "mzee, tupe siri za bunduki," leo nawajibu wote kwa mkupuo mmoja, maana kumjibu mmoja mmoja kumenichosha. Siri hakuna. Kuna kusafisha, kuna kukausha, halafu kuna kusafisha tena. Nimekuwa fundi wa bunduki za askari wa wanyamapori hapa Bukoba tangu sina mvi hata moja mpaka nikabaki na mvi tupu, na kama kuna jambo ninaloweza kuwaambia bila kusitasita ni kwamba uzito wa bunduki hauondoki. Ukiutoa kwenye chuma, utaukuta begani kwa anayepiga au sikioni kwa aliyesimama naye. Watengenezaji hawaliandiki hilo kwenye kijitabu chao.

Nimestaafu sasa. Nina kibanja changu Ijuganyondo, migomba na kahawa kidogo. Sikio langu la kushoto lilikufa zamani kwa sababu ya kujaribu bunduki za watu, na magoti yananilalamikia kila nikiinuka kitini. Nilidhani mimi na bunduki tumeachana kwa amani. Kisha Advera akaniletea ile nyepesi.

Advera ni askari wa wanyamapori, binti wa marehemu Kamugisha, aliyekuwa mwenzangu wa kazi na rafiki yangu kuliko ndugu wengine niliozaliwa nao. Ananiita tata, kama alivyomwita baba yake. Alikuja asubuhi na gari la ofisi, yeye na kijana mwenzake wa doria anayeitwa Deusi, mpole, mrefu, mtu wa kusema sentensi moja halafu akanyamaza saa nzima. Mkuu wao alikuwa amenipigia simu siku moja kabla, akaniomba niikague bunduki mpya kabla haijaenda porini, kwa kuwa fundi aliyechukua nafasi yangu alikuwa masomoni. Zile nzito za zamani zilikuwa zimekusanywa na kurudishwa makao makuu.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Karibuni. Mmekuja na kazi au mmekuja kunisalimia?"

"Tumekuja kukusalimia," akasema Advera, "na kazi iko kwenye gari."

Mke wangu akawawekea kahawa ya kutafuna kwenye kibakuli, kama inavyotakiwa mgeni akiingia, nasi tukaifungua bunduki juu ya meza ya nje. Mke wangu akaiangalia akasema, "Hii nayo ni bunduki au ni bomba la kupulizia dawa kwenye kahawa?" Deusi akacheka mpaka akapaliwa.

Lazima niseme haki yake: ilikuwa imetengenezwa vizuri. Kitako hakikuwa cha mti bali cha nyuzi za kaboni, chepesi kama ganda la mgomba lililokauka, na ndani kilikuwa na uwazi. Mtutu ulikuwa mwembamba, umechongwa mifereji nje kwa urefu ili kupunguza chuma na kupoa upesi. Bolti nayo, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, ilikuwa imechongwa mifereji ya kujizungusha, na hata kile kirungu cha kuivutia kilikuwa kimetobolewa katikati, kana kwamba mtu alikuwa akisaka gramu kwa tochi. Ukiinua mkono wa bolti, haupandi mpaka juu kama zile za kale, unapanda nusu ya safari tu, hivyo kidole hakigongi darubini. Kufuli la usalama lina hatua tatu: mbele unapiga, nyuma kabisa kila kitu kimefungwa, na katikati unaweza kutoa risasi ndani huku kifyatulio kikiwa bado kimelala. Hatua hiyo ya katikati nimeipenda sana. Ningekuwa nayo miaka ile, kuna watu wawili au watatu ambao wasingenitobolea paa la karakana.

Nikachana kipande cha karatasi, nikakipitisha kati ya mtutu na kitako toka mbele mpaka karibu na chemba inapokaa risasi. Kikapita bila kukwama popote. Jifunzeni hilo, halihitaji cheti. Mtutu ukigusa kitako, kila unapopiga unasukumwa upande, na risasi inakwenda kwingine, si ulikolenga.

Hapa Bukoba jambo hilo lilitutesa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ya mvua na ukungu wa ziwa. Kitako cha mti kilikuwa kinavimba. Bunduki inayopiga katikati mwezi wa saba, ikifika masika inapiga shamba la jirani. Mwalimu wangu, Mzee Kabyemera, alikuwa na rafu ya kukaushia ambayo hakuruhusu mtu aiguse, na kabla ya kulinga, yaani kuijaribu bunduki kwa shabaha, alikuwa akiweka shavu lake kwenye mti wa kitako kwa muda mrefu kama mama anayepima homa ya mtoto. Nilidhani ni mbwembwe. Nilipoanza kufanya mwenyewe nikagundua kwamba shavu kweli linaujua unyevu mapema kuliko kidole.

Wananchi waliokuwa na bunduki za kibali nao walikuwa na njia zao. Kulikuwa na mkulima mmoja wa huko Muleba, Mkatoliki mcha Mungu, aliyekuwa na bunduki ya kufukuzia ngedere na nguruwe pori. Aliitundika juu ya mafiga ikaukie moshi, pamoja na mbegu za mahindi. Hilo si baya sana. Ubaya ni kwamba aliipaka samli ndani na nje, akaifunga kwa maganda makavu ya mgomba, kama afungavyo kitu cha thamani. Aliponiletea akilalamika kwamba imekuwa nzito kufunguka, nilivuta bolti wakatoka sisimizi, mayai yao, na nadhani hata malkia wao. Mzee Kabyemera akamuuliza kwa upole na kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, umeleta bunduki au umeleta mzinga?" Yule bwana hakukasirika. Alisema samli ya ng'ombe wake ni nzuri na mafuta ya dukani hajui yametoka kwa nani.

Kwa hiyo msije mkadhani mimi ni mzee wa kuchukia vitu vipya. Kitako kisichovimba ni baraka. Ningekipata nikiwa kijana ningemaliza maisha yangu na subira kidogo zaidi.

Nilichokihofia nilikiona nilipofika mwisho wa mtutu. Pale mdomoni kulikuwa na kikofia cha chuma chenye matundu pembeni. Kazi yake ni hii: bunduki ikiwa nyepesi na risasi ikiwa kubwa, teke lake linakuwa baya. Hii ilikuwa ya risasi ya nyati, ile inayotakiwa kwa wanyama wa hatari, lakini mwili wake ulikuwa wa bunduki ya swala. Sasa kile kikofia kinaupeleka moto na upepo wa baruti pembeni na nyuma kidogo, na bunduki inavutwa mbele, teke linapungua. Anayepiga anafurahi. Aliyesimama kando yake ndiye anayepokea.

Na katika kazi yetu huku kuna mtu anayesimama kando. Hili halimo kwenye vitabu vya wageni, maana wao wanawinda mahali peupe. Mabonde yetu yamejaa mafunjo na matete yanayompita mtu kimo. Mzee Kabyemera na wenzake waliweka utaratibu kwamba mpigaji haingii peke yake. Mwenzake anatembea nyuma yake kidogo, upande wa kulia au wa kushoto, na mkono mmoja ameuweka begani mwa mpigaji. Mpigaji anatazama mbele tu. Mwenzake anasikiliza. Akisikia kitu kushoto anaminya bega, mpigaji anageuka kushoto. Hakuna kusemezana. Kamugisha, baba yake Advera, ndiye alikuwa mshika bega bora niliyepata kumwona, na alifia kitandani kwake akiwa mzee, wala si kwenye pembe ya mnyama yeyote. Wapigaji aliotembea nao nao walizeeka. Hilo kwangu linatosha kuwa ushahidi.

Nikamuuliza Advera mnyama ni yupi.

"Nyati, tata. Yuko bonde la Kishanda. Ametoka hifadhini, ana waya wa mtego mguuni, umeingia mpaka kwenye nyama. Ameshamkanyaga mama mmoja aliyekwenda kukata mafunjo ya mikeka."

"Amekufa?"

"Hajafa. Amevunjika nyonga. Lakini watu wa Kishanda wanasema wataingia wenyewe na mikuki."

"Lini mnakwenda?"

"Kesho kutwa alfajiri."

Nikawaambia basi twende tukaijaribu. Kuna machimbo ya mawe ya zamani nje ya mji ambako ofisi imeruhusiwa kulinga. Nikaketi kwenye jiwe na miwani yangu, Advera akalala chini, akapiga. Risasi ya kwanza nzuri, ya pili nzuri. Ya tatu ikapanda kidogo, na ya nne ikapanda zaidi. Mtutu mwembamba ndivyo ulivyo, ukipata moto unaanza kuzungukazunguka. Si ugonjwa, ni tabia yake. Mkipewa bunduki ya namna hiyo, risasi mbili za kwanza ndizo zenu, zilizobaki ni za bahati.

Kisha nikamwambia asimame, na Deusi amshike bega kama watakavyofanya bondeni.

Akapiga. Deusi akaruka kando ameshika sikio, akachuchumaa. Alipoinuka alikuwa akitutazama midomo yetu. Nilijua anachosikia, maana nimekisikia mimi miaka mingi: filimbi ndefu isiyo na mpulizaji.

"Mbona hukuziba masikio?" Advera akamuuliza, akirudia mara ya pili kwa sauti.

"Nikiziba nitamsikiaje nyati?" akasema Deusi.

Alikuwa amesema kweli. Tukaenda chini ya kivuli, akanywa maji, na baada ya muda akasema sentensi yake ya siku hiyo. "Mzee, mimi pale sisimami tena. Nina mtoto mchanga nyumbani, nataka nimsikie akiongea."

Advera akasema hakuna shida, ataingia peke yake. Alisema vile vijana wanavyosema "hakuna shida," yaani shida imeshajaa mpaka mlangoni. Akaongeza kwamba kwa bunduki nyepesi namna ile anaweza kutembea siku nzima bila kuchoka, na mtu mmoja hufanya kelele kidogo kuliko wawili. Nilimtazama nikamwona mama yake, jinsi alivyokuwa akifunga mjadala kwa kukunja kanga. Nitasema wazi: niliogopa. Nyati mwenye waya mguuni hakimbii watu, anawangojea. Nimewahi kusafisha bunduki zilizorudi bila wenyewe, na sikutaka ile iletwe mezani kwangu na mtu mwingine.

Nikakifungua kile kikofia kwa spana, nikamwambia apige tena bila hicho, Deusi akiwa mbali. Akapiga. Bunduki ikamsukuma hatua mbili nyuma, darubini ikamkwaruza nyusi. Akapiga tena, safari hii nikamwona anafumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Mwili unajifunza teke haraka kuliko unavyojifunza kitu kingine chochote, na ukishajifunza, unafumba macho wenyewe. Anayefumba macho mbele ya nyati ni kama hana bunduki.

Mkiwa mmenifuata, mmeona tulipokuwa. Tukikiweka kikofia, anaingia peke yake. Tukikitoa, anaingia na mwenzake lakini amefumba macho. Nilikaa kwenye lile jiwe nikihisi uchovu ambao si wa mwili. Maisha yangu yote watu wameniletea vitu vilivyotengenezwa na mtu mwerevu aliye mbali, asiyeyajua mafunjo, nami nikaambiwa "fundi, tengeneza."

Tukiwa njiani kurudi nikamwambia dereva wa ofisi apitie mtaa wa Bakoba, kwa mama mmoja anayeuza vifaa vya uvuvi dukani kwake. Nikanunua madonge ya madini ya risasi ya kuzamishia nyavu, yale madogo kabisa. Yule mama akaniuliza, "Mzee umeanza uvuvi uzeeni?" Nikamwambia ndiyo, navua wasichana wasiosikia. Advera akageuza uso dirishani, lakini niliona anacheka.

Nyumbani nikafungua skrubu mbili za ule mpira wa nyuma ya kitako. Ndani kulikuwa tupu, kama nilivyotarajia. Nikayaponda madonge yakae vizuri, nikayapanga ndani na kuyashika kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na vumbi la mbao, ili yasicheze wala kulia mtu akitembea. Kitu kikilia ndani ya kitako, nyati atakusikia kabla hujafika. Nikapima kwenye mizani ya kahawa, nikaongeza, nikapima tena. Kisha nikaiweka bunduki kwenye kidole kuona inalala wapi, na kwa kuwa ilikuwa imezidi kuelemea nyuma, nikaifungia madonge mengine mbele chini ya kishikio, kwa namna ya kuondolewa bila kuacha kovu. Mkuu wao nilimpigia simu kwanza. Akasema, "Fanya, lakini usiniambie imefikia uzito gani."

Advera aliinua bunduki yake, akaishusha.

"Tata, hii sasa ni sawa na zile za zamani."

"Karibu sawa."

"Watu wamekesha wakipunguza gramu moja moja, na wewe umezirudisha zote kwa nta na vitu vya nyavu."

"Nimezirudisha."

"Kile kitako walikitengeneza ili mimi nisichoke. Unajua bonde la Kishanda lina kilima gani cha kushukia?"

"Najua. Baba yako alinikokota pale."

Alikuwa na hoja, na sikubishana naye, kwa sababu miguu itakayotembea ni yake. Nilimwomba apige mbili tu, pale pale kwenye machimbo, jioni jua likiwa bado juu. Bila kikofia. Deusi akasita, kisha akasogea, akamwekea mkono begani, sikio lake zima akiligeuzia bunduki na lile bovu akilificha, nikamgeuza mwenyewe kinyume. Advera akapiga. Hakufumba macho. Teke lilikuwepo, lakini lilikuwa teke la kusukuma, si la kugonga. Deusi akabaki amesimama. Akasema, "Hii inavumilika," na hapo nikajua wataingia wawili.

Siku yenyewe sikwenda. Magoti haya yangewachelewesha, na mzee anayechelewesha watu bondeni ni mnyama wa pili. Nilikaa nyumbani, nikapogoa kahawa ambayo haikuhitaji kupogolewa. Mke wangu akaniambia nikiendelea hivyo hatutakuwa na kahawa mwaka ujao. Simu nilikuwa nimeiweka kwenye mfuko wa shati upande wa sikio zima. Ilipiga mara mbili, mara zote watu wa kanisani wakiuliza habari za michango ya paa. Nikawajibu vibaya, na Jumapili ilibidi niombe radhi.

Walifika wenyewe, mchana, bila kupiga simu. Niliona gari likisimama barabarani na watu wawili wakishuka, nikakaa kwenye benchi. Walikuwa na tope mpaka kiunoni. Advera alikuwa na kovu dogo jipya juu ya nyusi, lile la darubini. Deusi hakuwa na kitu.

"Kasinge," mke wangu akawaambia, kama tunavyowapongeza waliotoka kwenye shughuli nzito, akaingia ndani kuwatengea ebitoke, ndizi za kupika. Advera hakusubiri chakula, akaanza kunisimulia.

Walishuka kile kilima alfajiri, akasema, na wakazunguka mafunjo asubuhi yote wakifuata alama za waya ule ulioburuzwa. Hawakumwona. Ilipofika saa ambayo jua linachoma, wakapanda kidogo pembezoni wapumzike. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi kwa uzito wa bunduki. Na pale penye mwinuko, Deusi akamwambia neno ambalo sisi tunaambiana tukikutana na mtu yeyote mwenye mkungu kichwani au ndoo mkononi: "Lete nikupokee."

Akampa.

Hapa nilifumba macho, vijana wangu. Sisi watu wa huku tumelelewa kumpokea mtu mzigo. Mtoto asiyempokea mgeni mzigo tunamwona hana wazazi. Lakini bunduki ya mpigaji haipokelewi, haipokelewi kamwe, na hakuna aliyewahi kulazimika kuwaambia hivyo kwa sababu kwa miaka mingi hakuna aliyefikiria kuipokea. Ile nyepesi asingeipokea mtu. Nani anampokea mwenzake kalamu? Ni mimi niliyeigeuza kuwa mzigo.

"Nikawa natembea mbele mikono mitupu," Advera akasema. "Ndipo nyati akasimama. Hakuwa mbali, tata. Alikuwa kama pale kwenye mgomba ule. Alikuwa amelala kwenye tope akitungoja, na mimi nimesimama nikiwa na chupa ya maji."

"Na Deusi?"

"Deusi ana bunduki mgongoni, mkanda umekatiza kifuani."

Nikamgeukia Deusi. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Angeweza kukimbia," Advera akasema. "Alikuwa nyuma yangu na kilima kilikuwa mgongoni kwake. Hakukimbia. Aliuvua mkanda taratibu, taratibu mno, nikasikia anavuta bolti, akaingiza risasi kwa ajili yangu, akafunga kufuli pale katikati, akanipenyezea kitako chini ya kwapa. Halafu nikasikia mkono wake begani kwangu. Nyati alikuwa ameshaanza kuja."

"Ukapiga."

"Nikapiga mara mbili. Deusi hakuwahi kurudi nyuma, uso wake ulikuwa hapa, tata, karibu na mtutu. Hapa." Akaweka kiganja hewani kando ya shavu lake, akakiacha pale. "Kikofia kingekuwepo ningemtoa jicho."

Alikuwa akilia sasa, bila sauti, na mke wangu aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani akageuka akarudi ndani. Kikofia nilichokitoa kilimwachia Deusi jicho lake. Madonge niliyoyaweka yalimtoa Advera bunduki mikononi. Nimejaribu kuvipima hivyo viwili tangu siku ile na mizani haitulii, na mkiniuliza nilifanya vyema au vibaya nitawaambia nimechoka, ulizeni mwingine.

Walipokwisha kula nikaleta bisibisi, nikaiweka mezani.

"Niyatoe?" nikauliza. "Nyati amekwisha. Mkitaka nyepesi, ni kazi ya dakika chache."

"Toa, mzee," akasema Deusi. Ilikuwa sauti ya chini. "Nimeishika mara moja mbele ya mnyama. Sitaki kuishika tena."

Advera akamtazama. "Yakitolewa na kikofia kikarudi, nitaingia peke yangu."

Nje mtu alikuwa akipita na baiskeli iliyobeba mikungu, akatusalimia, tukamwitikia wote watatu. Deusi akaichukua bisibisi, akanirudishia mkononi mwangu upande wa mpini. Kisha akamwambia Advera, "Basi beba mwenyewe. Hata ukizimia." Akainua bunduki ile kutoka mezani, akafungua bolti na kuhakikisha chemba iko tupu, kama nilivyowafundisha, akamvika Advera mkanda begani, akaunyoosha usimkate shingo.

Wakateremka kuelekea barabarani kwenye gari, Advera mbele na Deusi nyuma yake kidogo, upande wa kushoto. Nikaingia ndani nikalala na viatu miguuni, na mke wangu anasema nilikoroma mpaka majirani wakauliza.